Kola Iliyokatwa kwa Fomu ya Shule

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana nimefanya jambo la aibu na sina wa kumwambia. Mimi ni fundi wa kushona, mwaka wa kumi na tisa huu niko nyuma ya cherehani, chumba changu kina meza ya kukatia, kioo cha wateja na msumari mkubwa ukutani ninapotundika patroni zangu, karatasi za kukatia nguo, na nina binti mmoja tu wa miaka kumi na mitano, tangu mdogo ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yangu yamechoka, tunapiga soga, tunawacheka wateja wanaotaka nguo iwabane halafu wanalalamika imewabana.

Sasa mwaka jana shule yao ilianzisha mkondo maalumu wa hisabati na sayansi, watoto thelathini tu kati ya mia mbili, na safari hii binti yangu kachaguliwa, akajaribishwa wiki mbili, akawa anarudi nyumbani uso unang'aa, na siku moja nilikuwa nahangaika na sare kumi na mbili za wanakwaya, kitambaa hakitoshi, mimi nimezoea kukata nguo ya kila mtu peke yake, basi yeye akachukua karatasi ya miraba, akachora vipande vyote vidogo vidogo, akavikata, akavisogeza huku na huku, mkono wa mwembamba ukaingia kwenye pengo la kwapa la mnene, vikaenea vyote na kitambaa cha mifuko kikabaki! "Si uchawi, mama," akaniambia, "mwalimu katufundisha tuangalie nafasi tupu kwanza." Mshauri, nilijificha nyuma ya pazia la kujaribia nguo nikalia kwa furaha.

Lakini ikaja fomu ya mzazi kusaini, irudishwe Ijumaa hii, nikasoma kwamba wa mkondo huo hawasomi historia, hawasomi uchoraji, hawasomi ushonaji, wanabaki shuleni hadi jioni na Jumamosi pia, na nasikia wale wa mwaka jana wanajiita vichwa na wenzao wanawaita mabaki, na mwalimu bora wa hisabati kahamishiwa kwao, waliobaki wanafundishwa na mwalimu wa michezo, na nilipofika pale palipoandikwa ushonaji umeondolewa nilijiona nimeondolewa mimi. Mteja alikuwa anasubiri kola, fomu ilikuwa mezani, nikaikunja katikati nikaikata patroni ya kola. Mkono uliniteleza. Nikaitundika msumarini na patroni nyingine, binti nikamwambia bado nafikiria.

Juzi alikuja kunitungia uzi, akasimama mbele ya ule msumari, akauliza, "Mama, kola hii ni ya saizi gani?" Nikamjibu sijaipima. Akatunga uzi, na tangu hapo anasema labda ajifunze tu kazi yangu. Nilitakiwa nifurahi, lakini sifurahi. Je, niache mambo yalivyo?

Ni mimi, Fundi wa Nyuma ya Pazia.

JIBU

Marahaba, fundi wangu. Tuanze na ugomvi ili tuumalize mapema. Mkono haukukuteleza. Fundi wa miaka kumi na tisa hakunji karatasi katikati kwa bahati mbaya, kwa hiyo acha kujitia hamnazo. Na fomu ile nani aliijaza jina na darasa kama si mwanao? Mwandiko wake uko ukutani kwako, juu ya kola. Ameuona, mama. Alikufungulia mlango useme mwenyewe, ukaurudishia. Sasa anataka kujifunza kushona kwa sababu anakuonea huruma, na huo ni mzigo mzito kwa mtoto wa miaka kumi na mitano.

Pole, lakini. Woga wako si wa kijinga. Nilifundisha miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua, na mikondo ya namna hii naijua. Nimewaona watoto waliobanwa na masomo machache mapema mno, wakaogopa kusema hawayapendi kwa kuwa wameshaitwa vichwa. Nimewaona pia waliokuwa wakisinzia darasani, wakapewa kazi inayowatosha akili, wakawa wa kwanza kufika asubuhi. Hawa wa pili ni wengi kuliko wale, na nikiwakumbuka hadi leo moyo wangu unachanua.

Binti yako ni wa kundi hilo. Ushahidi umeniletea mwenyewe, sare kumi na mbili! Na nani kakuambia ushonaji umeondolewa kwake? Mwalimu kamwonyesha nafasi tupu, sawa, ila kwapa la mnene kalijulia kwako.

Kwa hiyo kesho asubuhi funga chumba, chukua kola na vipande vyake, nenda kwa mwalimu wa mkondo. Mwambie ulivyofanya. Akicheka, cheka naye, kisha omba fomu nyingine. Kabla ya kusaini muulize kama mtoto anaweza kurudi mkondo wa kawaida mwisho wa muhula bila kuchekwa, na umwombee Jumamosi moja kwa mwezi awe nyumbani. Historia na uchoraji aazime vitabu, asome mwenyewe, na wewe umuulize kasoma nini. Lile la mwalimu wa michezo lipeleke kwenye kikao cha wazazi, na uliseme kwa sauti, kwa sababu wale mia moja na sabini nao wana mama zao. Na binti akijiita kichwa mbele yako, mpe ufagio.

Hayo ni ya kesho. Leo akirudi, usimpe sindano. Alikuuliza kola ile ni ya saizi gani, na hadi sasa hujamjibu. Mjibu.