Posa Inakwenda Tanga

Jumanne, 5 Agosti

Gauni la mwalimu wa chekechea limekwisha. Zipu iligoma mara mbili, nikafumua, ya tatu ikakubali. Mchana Athumani kapiga simu kutoka Mikumi, kwenye kibanda chake cha kuziba pancha. Malori yananguruma nyuma yake, nusu simsikii. Lililo muhimu nimelisikia: wazee wake wamekubali. Ataoa baada ya mavuno, na mavuno yamekwisha. Yaani mimi. Mimi Zuhura, miaka thelathini na sita, naolewa!

Nikashona pindo la mteja upande wa nje. Nimelifumua huku nacheka peke yangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Furaha imeingia mchanga. Nilidhani posa italetwa hapa Kilosa, kwa Shangazi Tatu, aliyenipokea akanipa kona ya duka na cherehani. Shangazi kakataa. "Baba yako marehemu, lakini mama yako yu hai. Posa inakwenda Tanga."

Tanga. Mama hajasema nami miaka saba.

Athumani anajua yote. Nilimwambia kabla hajanishika mkono. Mamake hajui. Na mtaa wetu haufichi kitu. Mgeni akiulizia tu kwa Mama Zuhura ataambiwa: yule mama wa teja?

Jumapili, 10 Agosti

Sina raha. Naandika nilione kwa macho yangu.

Nilivuta unga, heroini, miaka tisa. Tulikuwa wengi. Mtaa mzima ulitia nondo madirishani kwa sababu yetu, watoto wake wenyewe. Watu waliacha kuanika nguo nje. Kina mama walikuwa na kikundi cha shughuli na masufuria makubwa ya pilau. Yalikaa kwa Mama, maana ndiye mwaminifu wao. Niliyabeba nikayauza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kesho yake ukatokea msiba. Watu wamezika, wamerudi, hakuna cha kupikia. Mama alisimama uani mbele ya wenzake, mikono mitupu. Tangu siku hiyo hakusema nami.

Baadaye nikaingia nyumba ya kuachia unga. Nikanywa methadone, dawa ya kukata hamu ya unga, kliniki miaka miwili, kila asubuhi foleni, dozi ikapunguzwa mpaka ikaisha. Kisha Kilosa. Huu mwaka wa nne niko hapa, sijagusa.

Bora Bi Mwantumu, mamake Athumani, ayasikie kwangu.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekwenda Kisanga kwa bodaboda. Vumbi hadi kwenye kope. Bi Mwantumu alikuwa uani anapepeta mchele. Shikamoo. Marahaba. Nikaketi mkekani nikasema yote, hadi masufuria. Ungo wake haukusimama. Nilipomaliza akawatupia kuku chenga, akaniuliza kama najua kupepeta. Nikasema najua kidogo. Akanipa ungo. Nusu nimemwaga chini.

"Kweli kidogo," akasema.

Akachota mchele, akanijazia mfuko. Nimerudi nao, sijui ni zawadi au ni kwaheri.

Ijumaa, 15 Agosti

Zawadi! Bi Mwantumu anakwenda Tanga mwenyewe, na shemejiye, Mzee Kondo. Kamwambia Athumani: "Anayejisema mwenyewe hana cha kunificha."

Wanaondoka kesho. Nimefurahi. Naogopa. Vyote.

Jumapili, 17 Agosti

Wako Tanga. Simu hazipatikani. Tangu asubuhi mwili umekumbuka unga. Miayo, jasho, kiu isiyo ya maji. Zaidi ya mwaka hamu haijanijia hivi. Nilijichukia. Kisha nikamwambia Shangazi, maana kule kwenye nyumba ya kuachia unga walitufunza: ukikaa nayo kimya, inakula.

Shangazi kafunga duka. Kakusanya mablanketi yote, hata la jirani, tukashuka mtoni Mkondoa kufua. Tumefua mpaka vidole vimekunjamana. La jirani likachukuliwa na maji. Shangazi akalikimbiza, khanga kiunoni, akaanguka pwaa! Maji yenyewe hayafiki magotini. Nilicheka hadi nikakaa humo humo mtoni.

Hamu imepita. Sikuiona ikiondoka.

Jumatatu, 18 Agosti

Simu saa nne asubuhi. Namba siijui. Sauti naijua.

"Zuhura."

"Shikamoo, Mama."

Namsikia anapumua.

"Marahaba, mwanangu."

Mengine sikuyasikia, nililia. Shangazi kachukua simu, kanisimulia baadaye. Bi Mwantumu aliingia mtaani akitangaza kwa sauti: tumekuja kumposa Zuhura. Majirani wakajaa. Bi Saada, mwenyekiti wa kile kikundi, akaanza habari za masufuria. Bi Mwantumu akamkata: "Hayo keshanieleza. Kuna mengine?" Hakukuwa na mengine.

Posa imekubaliwa. Nilitaka kwenda Tanga leo hii. Mama kasema la. Maskani ya wavuta unga bado ipo nyuma ya ghala la mtaani, vijana bado wamelala pale. "Kaa huko huko. Harusi tutakuja kuipika sisi."

Jumatano, 27 Agosti

Wamefika! Wanawake kumi na wawili wa kikundi, masufuria mapya juu ya gari. Nimewapokea Dumila, njia panda. Bi Saada kashuka, kabla ya salamu kaulizia bei ya nyanya. Kabishana na wauzaji watatu, kawashinda wote. Mama kashuka wa mwisho. Amekonda. Akanishika mabega, akanigeuza mbele na nyuma kama nguo ya dukani.

"Umenenepa."

Sijawahi kupewa sifa nzuri kama hii. Tukalia pale pale, mbele ya Dumila nzima. Muuza mahindi akauliza nani kafa.

"Hakufa mtu," Bi Saada akamjibu. "Kafufuka."

Alhamisi, 28 Agosti

Hina. Kanipaka mamake Amina, aliyekuja na kina Mama. Amina tulisoma naye, tukaanza unga naye, siku moja. Yeye alikufa, mimi nikabaki. Nilitaka kuvuta mkono. Akaukaza.

"Tulia, ua litaharibika. Ningempaka Amina. Uliyepo ni wewe, nakupaka wewe."

Kachora hadi viwikoni. Ngoma ilipoanza, kacheza kuliko wote. Miaka yote hii nimekuwa na aibu ya kuishi. Leo imepungua. Haijaisha.

Ijumaa, 29 Agosti

NIMEOLEWA. Pilau ya Tanga kwa mchele wa Kisanga. Majirani wafugaji wameleta maziwa ya mgando vibuyu viwili, kimoja Bi Saada kakimaliza. Mzee Kondo kacheza hadi kofia imepotea. Kanzu ya Athumani ina mkono mmoja mrefu. Nimeishona mimi. Kaukunja tu.

Jumanne, 2 Septemba

Mikumi. Athumani katoka alfajiri, lori la mbao limepasua tairi mbili. Nimefagia uwanja. Ng'ambo ya barabara nyani wameketi wanachambuana.

Mama kapiga simu. Wamefika salama, miguu imemvimba. Kauliza nimekula. Nikasema bado.

"Kula basi."

Nimechemsha viazi vitamu. Nimeketi kizingitini, nimekula taratibu, mpaka vimekwisha.