Televisheni Tuliyoiacha Dukani

Chanji, Sumbawanga

Baba Angela,

Huku baridi ni kali, lakini maharage yamekauka vizuri na watoto wanashiba. Jana mwenzako Amos alipita hapa akitokea Kasanga, akanieleza yaliyokupata. Kumbe boti yenu ilizama, ukaokolewa na wavuvi, na bado unasema utarudi kazini ziwani ili tupate pesa za televisheni kubwa kama ya jirani!

Leo asubuhi nimekwenda dukani, nikamwambia mwenye duka amuuzie mtu mwingine ile televisheni aliyotuwekea.

“Kwani umekosana na mumeo?” akaniuliza.

“Hapana,” nikamjibu. “Mume wangu yuko hai. Hilo linatutosha.”

Panda basi, uje nyumbani.

Mkeo,
Asnath