Gari la Kwenda Nalo kwa Wakwe

Baba Akinyi,

Nakuandikia kwa Kiswahili kama enzi za uchumba wetu. Nimenunua gari.

Najua swali lako la kwanza. Ndiyo, liliwashwa likiwa baridi. Niliweka kiganja juu ya boneti kabla mwenyewe hajagusa ufunguo, vile ulivyonifundisha, nikaikuta baridi kama mtungi. Nikafungua kifuniko cha oili nikatafuta ule utando mweupe wa maji yaliyoingia kwenye oili. Nikaenda nyuma nikautazama moshi. Mwenye gari akaniuliza, "Mama, kwani wewe ni mekanika?" Nikamjibu kwamba mimi ni mjane wa mtu aliyekataa magari yote ya Kosele. Tukacheka wote wawili, halafu nikajifanya natazama magurudumu.

Ulikataa mengi, mume wangu. Moja lilikunywa petroli kama mlevi siku ya mshahara. Lingine spea zake mpaka uagize Nairobi, nawe ulitaka gari ambalo ukiita tu pale Oyugis spea inaitika. Masikio yako yalizoea mashine yetu ya kusaga unga, na kila injini uliisikia ina kikohozi. Watu walikuletea magari uwakagulie, wakanunua, wakakupungia mkono wakipita. Sisi tuliendelea kutembea. Nikikuambia mchagua jembe si mkulima, unanijibu kwa lile jina lako la kuniita binti wa Karungu, "Nyar Karungu, hili jembe lazima lifike kwa mamako na lirudi bila kusukumwa."

Bila kusukumwa. Hapo ndipo ulipokwama.

Siku ulipoleta mahari kwetu Karungu, gari la kukodi lilikataa kuwaka wakati wa kuondoka. Mama na wanawake wa boma wakalisukuma mpaka barabarani huku wakiimba, wewe umekaa ndani na koti lako, umeinamisha kichwa. Mkwe kusukumwa na mama mkwe! Uliapa hutakanyaga tena pale mpaka uwe na gari lako mwenyewe, gari lisiloweza kukuaibisha. Nilidhani ni hasira ya wiki moja tu. Akinyi akazaliwa, akamaliza shule, na Mama bado ananiuliza kwenye simu, "Mkwe wangu anakuja lini? Ama mnangoja gari izae?" Nikawa naenda peke yangu, na kila mara namwambia una kazi nyingi.

Sasa nikuambie ni gari gani. Ni ile Probox nyeupe ya gia za mkono. Ile ile. Uliikataa kwa sababu injini ilishika kwa mara ya pili badala ya ya kwanza. "Leo mara mbili, kwa mamako mara kumi," ukasema, ukarudisha ufunguo. Jirani yetu muuza mbegu akaichukua. Miaka yote hii imebeba magunia yake, na mwenyewe anasema haijamdai zaidi ya oili, breki na matairi. Mafuta inaramba tu. Ameiuza kwa sababu anataka pikapu.

Lilikuwa gari zuri, Baba Akinyi. Naumia kuandika hivyo. Tungeenda Krismasi ngapi? Hata ulipolala kitandani, pumzi zimekuwa fupi, bado ulisema ukipona tutatafuta gari twende. Ningekuwa na uwezo ningekubeba mgongoni.

Nilingoja mpaka wazee wakaniruhusu kwenda kwetu, vile desturi inavyomtaka mjane. Wiki iliyopita nikaondoka. Nilijifunza kuendesha, usishangae. Nikapita Homa Bay, nikapita Rodi, na karibu na Ndhiwa mvua ikanyesha mpaka nikawasha taa. Nikafika Karungu ndani ya gari letu, Mama akalizunguka akiligusagusa kama ng'ombe wa mahari. Tukala, tukakulilia, tukala tena.

Wakati wa kuondoka nikazungusha ufunguo. Kimya. Zile taa nilizisahau zikiwaka, betri ikaisha. Usilaumu gari, kosa ni la dereva.

Niliona jambo ulilolikimbia maisha yako yote limenikuta mimi, kwenye boma lile lile. Mama akanipitishia fimbo yake dirishani, akaita majirani, akaweka mikono yake miwili nyuma ya gari. Na ule wimbo, Baba Akinyi, bado wanaukumbuka. Nikaachia klachi, injini ikashika.

Mama akaja dirishani kuchukua fimbo yake, anahema, uso wote umejaa kicheko. Nikamwomba msamaha kwa aibu niliyomletea. Akanitazama kama asiyeelewa.

"Aibu gani? Ile siku ya mahari nilikuwa nalia moyoni kwa sababu unaniacha. Ni huyo mkwe wangu alinichekesha. Nimekuwa nikingoja arudi nimsukume tena."

Nilisimama mara mbili njiani kabla ya Ndhiwa kwa sababu sikuweza kuona barabara.

Pumzika, baba wa mtoto wangu. Oili nitabadilisha kwa wakati, na masikio yako nitayatumia kadiri ninavyoweza. Krismasi nitaenda tena kwa Mama, na kila Krismasi atakayokuwa hai. Kiti cha kando yangu hakitawekwa mzigo. Na nikifika, taa nitaziacha zikiwaka.

Wako,
Nyar Karungu