Injini Inayokula Oili

Katesh, 4 Agosti 2024

Kwa hiyo alichokuambia Mama ni kweli, Baba: lile gari jekundu limekufa, ila tafadhali usicheke kabla hujamaliza kusoma.

Naona nimeanza na gari kabla ya salamu. Shikamoo Baba. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na mahindi mmeshayaingiza ndani? Ningekupigia simu, lakini najua matrekta ya Basotu yaliondoka na masikio yako, na Mama akikusimulia maneno yangu huwa anaondoa yale matamu. Nimeona bora niandike, kondakta wa basi akuletee.

Baba, nina furaha mpaka naona aibu kuiandika. Asubuhi Gidion ananichemshia chai mwenyewe, halafu ananitazama nikiinywa kana kwamba nafanya jambo gumu sana. Akienda kijijini kumfungia mtu sola, ananipigia simu akiwa juu ya paa kuniambia kwamba ameuona mlima Hanang na amenikumbuka. Mlima tunauona hata dirishani kwetu! Lakini nafurahi kila akiniambia.

Sasa gari. Tulikuwa tunarudi kutoka hospitali ya Haydom kumwona dada yake aliyejifungua. Kwenye mwinuko wa Gendabi injini ilipiga kelele kama sufuria iliyodondoka, ikatetemeka, ikanyamaza. Wachungaji wawili wakaacha ng'ombe wao wakaja kutusukuma. Mmoja akauliza, “Shemeji, hili lina injini au lina pepo?”

Gidion akasema, “Lina rota.”

“Basi mpeleke Rota wako hospitali. Haydom si mmetoka huko?”

Lori la vitunguu lilituvuta mpaka Katesh, kwa Abdulrahim. Unamkumbuka, yule rafiki wa Gidion wa tangu sekondari, aliyecheza harusini kuliko ndugu zetu wote. Familia yao inauza vipuri, na nyuma ya duka wana ua wenye paa. Humo ndimo mume wangu anamofanyia mapenzi yake ya magari, na vipuri vyote ni Abdulrahim anayemwagizia Dar.

Waliifungua injini Jumamosi nikiwa nimeshika tochi. Baba, haina hata pistoni moja! Ina vyuma viwili vinene vya pembe tatu, ndizo hizo rota, vinavyozunguka ndani ya chumba chenye umbo la yai lililobanwa katikati. Kwenye kila ncha kuna kipande chembamba, wanakiita sili, kinachotembea ukutani muda wote ili moto usivuje. Kimoja kimekatika na kimeuchana ukuta vibaya. Gidion alikiweka kiganjani kama jino la mtoto. Hajui kwa nini kimekatika.

Nikamwambia, “Tutaijenga upya.”

Akasema, “Tutaijenga? Wewe na nani?”

Nikasema, “Mimi ni binti wa Yoakimu. Nilijua spana kabla ya kijiko.”

Alicheka, akanibusu mbele ya Abdulrahim, ambaye aligeukia ukutani akaanza kuhesabu matairi kwa sauti.

Nimeapa kwamba safari yangu ya kwanza kurudi nyumbani nikiwa mke wa mtu itakuwa ndani ya gari hilo, Gidion akiendesha. Niombee.

Binti yako,
Genoveva


Daudi, Mbulu, 13 Agosti 2024

Binti yangu,

Marahaba. Mimi mzima, mama yako mzima, mgongo ni uleule. Mahindi yako ndani. Yule mtamba tuliyewapa ana afya. Njooni mmchukue kabla hajanizoea.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mambo ya chai nimeyaruka mara ya pili.

Nilifanya kazi kwenye matrekta ya ngano mpaka nikastaafu, na sijaona injini isiyo na pistoni. Hizo pembe tatu ulizonieleza ni maandazi. Andazi halipandi mlima.

Lakini usiseme baba yako hakumsaidia mkwe wake. Siku ya harusi alipoingia uani niliona moshi wa bluu nyuma ya gari. Nikaona aibu mbele ya wageni, kwamba mume wa Genoveva amekuja na gari linalokula oili. Mlipokwenda kupiga picha nikafungua boneti. Nikakuta vipaipu viwili vyembamba vinachukua oili safi kabisa na kuipeleka ikaungue. Sijui nani alimfungia upuuzi huo. Nikatia goroli ndani ya kila kimoja, nikafunga kwa ukanda wa tyubu, nikafuta mikono, nikaenda kula.

Sikumwambia, kwa sababu mkwe hafundishwi siku ya harusi. Moshi ulikoma, si ndiyo? Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yangu ya pili, baada ya mtamba.

Msalimie Gidion. Mwambie ajaribu gari lenye pistoni.

Baba yako,
Yoakimu


Katesh, 25 Agosti 2024

Shikamoo Baba. Natumaini wewe na Mama mko salama. Sisi tuna afya, na bado nampenda Gidion kama siku ile kanisani, hata zaidi, ingawa wiki hizi mbili hajacheka.

Nitakuambia mambo yalivyofuatana, wala sitakuficha kitu.

Kabla barua yako haijafika, Gidion aliendelea kufungua injini akazikuta goroli zako. Mimi nilikuwepo. Aliishika ile ya kwanza kwenye mwanga, akageuka taratibu. Lazima ujue kwamba Abdulrahim ana utani wake wa siku nyingi. Kila akiona oili imepungua anasema, “Gari lako lina njaa, siku moja nitalifunga mdomo.”

Gidion akamwambia, “Abdul, kumbe ulilifunga kweli.”

“Nilifunga nini?”

“Ulisema utalifunga mdomo.”

“Nilisema pia nitamwoa binti wa mfalme. Umeniona na taji?”

Gidion hakucheka. Abdulrahim akachukua ule ukanda wa tyubu, akauangalia, akasema, “Miaka yote hii hujui mkono wangu? Mimi nikifunga kitu, kesho kimefunguka. Huyu aliyefunga hapa ni fundi.”

“Nani mwingine anafungua boneti hii? Mimi na wewe tu.”

“Basi litoe gari lako uani kwetu. Na usirudi hata kwa plagi.”

Nilikiona kile kifundo, Baba, ncha imekunjwa ikaingizwa chini kama unavyofunga madebe ya maziwa. Moyo wangu ulikijua na mdomo ukakataa kusema. Halafu barua yako ikafika, nikaisoma nimesimama palepale stendi.

Injini hii inatakiwa kula oili. Ndivyo ilivyotengenezwa. Vile vipaipu vinazidondoshea sili oili kidogo kidogo ili zisikwangue ukuta zikiwa kavu, na oili hiyo lazima iungue, ndiyo maana ya ule moshi. Ulipoziba, ziliendelea kutembea kavu mpaka Gendabi. Sikulaumu. Kwetu gari linalokula oili ni kama mume mlevi, kila mtu anataka kulisaidia. Fundi yeyote wa Mbulu angefanya ulivyofanya, ila asingefunga vizuri hivyo.

Nilimsomea Gidion barua yako yote, hata ya maandazi. Akasema, “Usimwandikie Baba kuhusu hili. Mkwe hasahihishwi.”

Nikamwambia, “Wewe huwezi kumsahihisha. Mimi naweza. Yeye mwenyewe amesema mkwe hafundishwi siku ya harusi, na harusi imekwisha.”

Siku hiyohiyo alikwenda dukani kuomba radhi. Abdulrahim alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mzee mzima, siku ya harusi ya bintiye, ndani ya suti, aingie chini ya boneti kuziba paipu? Gidion, umekosa uongo mzuri kuliko huo?” Nikampelekea barua yako, akakataa kuigusa. Alisema, “Hiyo mmeandikiwa nyinyi. Kama kuna mtu ana neno na mimi, anajua duka lilipo.”

Gari bado liko uani kwao, injini iko vipandevipande juu ya meza, na marafiki wawili wanapishana barabarani kama watu wasiojuana. Sili mpya na nyumba ya rota, yaani ule ukuta, Abdulrahim alishaziagiza kabla ya ugomvi. Zimefika, ziko ndani ya boksi chini ya kaunta yake, naye hazitoi. Mume wangu amepoteza zaidi ya gari, Baba. Neno lako peke yake ndilo Abdulrahim ataliamini. Najua ninachokuomba, na nakuomba.

Binti yako,
Genoveva


Daudi, Mbulu, 29 Septemba 2024

Binti yangu,

Marahaba. Sote wazima.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Kwanza na injini, halafu na wewe. Mama yako aliniuliza, “Si wewe uliyemfundisha kutaja ugonjwa wa mashine bila kuuzungusha? Sasa unataka asahau?” Nikaenda zizini.

Juzi jirani yetu Hhando alikuja na msumeno wake wa mashine, ule wa kupasulia mbao. Umekwama kabisa. Nikaufungua nikakuta ametia petroli tupu, hakuchanganya oili. Nikamfokea, “Mashine kama hii inakula oili pamoja na petroli! Bila oili inajisaga yenyewe! Mtu mzima hujui?” Maneno yalipotoka niliyasikia, hata kwa masikio haya.

Hhando aliuliza kama msumeno utapona. Nikamwambia aende nyumbani.

Kwa hiyo kuna mashine za kula oili. Sasa najua mbili.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya Abdulrahim. Usiifungue, wewe siyo Abdulrahim. Pia nimempa kondakta jogoo. Mpeleke dukani akiwa hai, ili achinjwe kwa utaratibu wa nyumbani kwao. Usimcheleweshe, ana hasira kama mimi.

Gidion mwambie hakukosea kunyamaza. Nawe hukukosea kusema.

Baba yako,
Yoakimu


Katesh, 13 Oktoba 2024

Baba, jogoo wako alimdonoa kondakta mara mbili, na mara ya tatu akamdonoa mume wangu, lakini hajawahi kupokelewa mgeni Katesh kama alivyopokelewa yeye!

Shikamoo Baba. Habari za nyumbani? Mama ameniambia mgongo umepata nafuu. Nimefurahi mno, na leo kila kitu kinanifurahisha, hata vumbi.

Tulikwenda dukani sisi wawili, Gidion amembeba jogoo kwapani, mimi nimeshika karatasi yako. Abdulrahim alikuwa anampimia mteja mkanda wa feni. Alitutazama, akamtazama jogoo, akasema, “Siku hizi mnatembea na shahidi?”

Nikampa karatasi. Aliisoma kimya. Halafu akaanza kutetemeka mabega, nikadhani analia. Akamwita mama yake, Mama Rukia, aje kutoka ndani, akasoma kwa sauti mbele ya wateja wote:

“Kijana, shikamoo yako ya harusini niliiitikia, kwa hiyo tunajuana. Nimesikia umesingiziwa kazi yangu. Zile goroli nilizitia mimi. Niliposikia jina lako limetajwa niliumia mara mbili: kwanza kwa sababu ulionewa, pili kwa sababu ile ilikuwa kazi safi na sifa zake akapewa mtu mwingine.”

Duka zima lilicheka. Mama Rukia alijifuta macho kwa mtandio. Gidion pekee hakucheka, alikuwa bado amesimama na jogoo wako. Akasema, “Abdul, nilipaswa kujua mkono wako.”

Abdulrahim akasema, “Ulipaswa. Mimi sijawahi kufunga kitu kikakaa.” Kisha akainama, akatoa lile boksi chini ya kaunta, akalisukuma mbele. “Chukua sili zako. Na mlete huyo jogoo kabla hajakung'oa mbavu.”

Jumapili iliyopita tulikula pilau kwao. Kuanzia Jumatatu walikuwa wanakutana uani kila jioni, na mimi pamoja nao. Kila sili niliipaka oili kwa kidole changu mwenyewe kabla Gidion hajaipandisha. Yeye anashika chuma kwa upole, Baba, kama anavyonishika mkono tukivuka barabara. Vile vipaipu viwili alivifunga mwisho, akavipuliza kuhakikisha viko wazi, akasema, “Hivi ni vya Baba.” Hakusema Baba mkwe. Alisema Baba tu, na nadhani hata yeye hakujisikia.

Jana akanipa ufunguo. Nilikataa, akakataa kukataa kwangu. Mara ya kwanza injini ilizunguka bure. Mara ya pili ikakohoa. Abdulrahim akasema, “Bismillahi,” Gidion akapiga ishara ya msalaba, nami nikawasha mara ya tatu. Ikawaka, Baba! Mlio wake hauna mapigo kama wa trekta, unapanda tu, unapanda, kama mzinga mzima wa nyuki umepata habari njema. Moshi ukatoka, na sisi watatu tukaushangilia kama wendawazimu.

Gidion anataka alitembeze kwanza taratibu, Katesh na Basotu, mpaka sili zizoee ukuta wake. Halafu tutapitia Dongobesh kuja huko. Abdulrahim naye anakuja, anasema hawezi kuruhusu fundi wa namna yako afe bila kuonana naye. Kiti cha mbele tukifika ni chako. Mimi na Abdul tutajibana nyuma, magoti kidevuni, na Gidion atakupeleka mpaka Mbulu mjini na kukurudisha, uweke mkono juu ya dashibodi uisikie injini hiyo kwa kiganja, maana kiganja chako hakijawahi kuwa kiziwi.

Mwambie Mama asichinje chochote mapema, tutatuma neno kwa kondakta. Lakini kabla mwezi huu haujaisha, Baba, tutakuwa uani kwako.

Binti yako,
Genoveva