Kitenge cha Mama na Hita ya Gesi

Mpendwa kaka yangu Bahati,

Ujumbe wako wa leo umenikuta kwenye mapumziko pale bohari, nikapiga ukelele hadi msimamizi akaja mbio kuuliza nani ameumia. Nikamwambia hakuna aliyeumia, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Tangu hapo nayachekea makasha kama mtu aliyechumbiwa leo.

Kaka, una nyumba! Sugar Land! Wewe uliyelala na mimi na mama chumba kimoja kule kambi ya wakimbizi, leo una ngazi ndani kwako, una gereji, na chumba cha chini umemwekea mama. Uliponionyesha kwa simu nililia, sikufichi. Kisha ukageuza kamera ukanionyesha hita ya maji ya gesi, kuukuu, imo kabatini ukuta mmoja na kitanda cha mama. Ukasema wewe na ndugu mmoja wa kanisani mtaibadilisha wenyewe kabla mama hajahamia Jumamosi. Furaha yangu ikaganda.

Maana nilikuwapo hapa Garland, kaka. Unaikumbuka ile nyumba yetu ya kwanza ya kupanga? Hita ilizimika katikati ya baridi, na ofisi ya mwenye nyumba ikawa kila siku inasema kesho. Ukafanya tunavyofanya sote: ukamwita ndugu wa kanisani, mama akapika ugali na sombe, kazi ikaanza. Kwetu kumwita fundi mgeni wakati ndugu yupo ni kama kumtukana. Mkalichomoa bomba la kutolea moshi, mkalirudishia kwa selotepu. Maji yakapata moto, tukakushangilia. Kisha ukahisi upepo unaingia kwenye matundu ya mlango wa kabati la hita, ukachukua kitenge cha mama, kile cha manjano, ukayaziba.

Vichwa vikaanza kutuuma. Mama akatapika, miguu yangu ikalegea, nasi bila kusitasita tukajua: malaria imetufuata mpaka Texas. Mama akatoa vidonge vyake vya kambini, akatugawia. Ukienda kazini unapona, ukirudi nyumbani inakushika tena, na hakuna kati yetu aliyejiuliza kwa nini.

Aliyejiuliza ni jirani yetu Mkenya, Mama Njeri, muuguzi. Alikuja kumjulia mama hali, akatusikiliza akiwa bado amesimama mlangoni.

"Malaria haiwezi kukuacha uende job, halafu ikungoje kwa mlango," alisema. "Tokeni nje. Sai."

Akafungua madirisha, akawapigia zimamoto. Mimi nilijikokota. Mama hakuweza hata kuinuka, ukambeba mgongoni hadi nje. Kifaa cha wale watu kilianza kulia kabla hawajafika kwenye kabati. Walisema ni kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na kwamba moshi uliotakiwa kutoka nje tulikuwa tunauvuta sisi. Waliongeza kwamba katika nyumba ya kupanga hukuwa na ruhusa ya kugusa gesi hata kidogo, hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni. Ulikuwa unaangalia viatu vyako. Nilitamani kukuzaba kofi na kukukumbatia kwa pamoja.

Ndiyo maana juzi uliponionyesha hita hiyo sikukubembeleza, nilikwambia usiiguse. Ulinijibu kwamba sasa nyumba ni yako, nani atakukataza? Nikakwambia kila mji una sheria zake, na pengine mwenye nyumba anayeishi humo anaruhusiwa kushika mabomba yake, lakini uliza kwanza, chukua kibali, mkaguzi aje aone kazi. Na ndugu yako wa kanisani, kwa upendo wake wote, hana leseni. Nikamalizia kwamba mama haondoki hapa. Ukanikatia simu, nami nikabaki namwona akilini mama amelala kando ya ukuta ule, mlango umefungwa.

Basi leo naona maandishi yako: "Nimerudisha mabomba yote ku magazini nilikoyanunua. Fundi wa leseni anakuya kesho, kisha mkaguzi. Umwambie mama afunge mizigo." Kaka, nakupenda! Wewe ambaye hata redio iliyokufa hukubali kuiacha bila kuitengeneza mwenyewe! Nimekununulia kifaa kinacholia kaboni monoksidi ikitokea, nitakifunga mwenyewe karibu na mlango wa mama. Hicho unaruhusiwa kunishikia ngazi tu.

Nimemsomea mama ujumbe wako. Ameuliza kama huyo fundi atalishwa, maana hawezi kufanya kazi kwa mwanawe akaondoka na njaa. Nikamjibu sombe itamtosha. Ndipo akaingia chumbani, akatoka na gauni jipya la manjano la kuvaa Jumamosi kwako. Nilikitambua kile kitenge mara moja.

"Kilifunga hewa siku moja," alisema. "Sasa kitafungua nyumba."

Tuandalie viti, tunakuja.

Ni mimi, mdogo wako mwenye kelele,
hapa Garland