Ukuta wa Baba Umepakwa Krimu

Nyumbani kwa Okwudili,
Agulu.
14 Januari 1994

Mpendwa kaka Anene,

Salamu nyingi, na baridi ya huko ikuonee huruma. Wifi Ngozika na mtoto hawajambo? Sisi wazima, ila vumbi la kiangazi limetukausha midomo, na Mama miguu inamsumbua. Anakula vizuri, usiwe na wasiwasi.

Baba tulimzika Ijumaa iliyopita. Watu walifurika, mizinga ikapigwa, na hata wale waliokuwa wakimwita kichaa wa mkaa walilia kwa sauti. Wanafiki wakubwa! Wali ulitosha, na tembo la kunywa pia.

Sasa kaa chini, kaka.

Unajua turubai zake zote ziliteketea vitani, zile walimu wake chuoni walizozicheka kwa sababu aliacha maua ya Kizungu akachora mistari kama ile Bibi aliyokuwa akichora ukutani. Baada ya vita hakugusa turubai tena. Alichora kwenye ukuta wa uani tu, kwa mkaa na udongo mwekundu, anafuta, anarudia, mpaka mkono ukakataa. Kazi yake yote iliyobaki duniani ilikuwa pale. Ndiyo maana ulimwomba yule mama wa makumbusho aje aipige picha.

Lakini pia ulimwagiza Baba mdogo Mbanefo nyumba ipakwe rangi kabla ya mazishi, watu wasitucheke. Sikulaumu, nani huku anamzika mzee nyumba ikiwa chafu? Ukachagua rangi ya krimu. Najua uliwaza upande wa barabarani. Hukusema. Mimi nilikuwa Onitsha kununua vitambaa vya sare, na niliporudi vijana wa ukoo walikuwa uani wanaosha brashi.

Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Nikamwambia Baba mdogo, "Umemuua mara ya pili!" Maskini, akashangaa kweli kweli. "Ugoye, mwanangu, ule uchafu ungewaonyesha wageni? Siku ya ndugu yangu?" Hakuwa na ubaya hata kidogo. Ndilo linaloniuma, sina wa kumchukia.

Nilikwangua kwa kisu. Kila krimu ilipobanduka, mkaa wa Baba ulibanduka nayo. Nikaacha.

Jumatatu yule mama akafika na kamera yake, akauliza ukuta uko wapi. Baba mdogo akaupiga kwa kiganja, kifua mbele: "Si huu hapa, mama! Tumeupaka mara mbili." Mgeni akaomba maji ya kunywa, akaondoka.

Mama amehamisha kiti chake. Siku hizi anakaa akiangalia barabara.

Shangazi Uzoamaka na Tobenna wanakusalimu. Mbusu mtoto kwa niaba yetu. Mungu akulinde ugenini, akupe na usingizi.

Ah, uliuliza kama ile krimu imeshika. Imeshika, kaka. Imeshika vizuri sana.

Dada yako akupendaye, hata leo,
Ugoye