Picha Niliyoiweka Jioni ya Mazishi Yako

Goreth, rafiki yangu,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya aibu. Wengine waliokufahamu hapa Ngara wameshalia wakamaliza. Mimi kila nikitaka kulia nakumbuka nilichofanya jioni ile tuliporudi kutoka kukuzika Murusagamba, machozi yanakauka.

Kibanda chetu cha simu na kompyuta bado kipo karibu na stendi. Kiti chako anakikalia yeyote anayesubiri simu yake ipate chaji. Kompyuta ulizoziwekea programu huria zinafanya kazi vizuri. Ile niliyoing'ang'ania mimi, yenye programu ya wizi, imekufa kwa virusi. Ungenicheka. Ulizoea kusema, "Fundi, aliyeiba kufuli asishangae mlango ukifunguka."

Tulibishana kila siku, wewe uliyevuka kutoka Burundi na kuacha masomo ya kompyuta chuoni, na mimi niliyejifunza kwa kufungua simu za watu na kuziharibu. Mimi niliona kila kitu kiwekwe mtandaoni: harusi, misiba, bei ya maharage. Nilikuambia mtandao hauna mpaka, kwamba sasa mtu wa Ngara yuko sawa na mtu wa Dar es Salaam. Ukaweka bisibisi chini.

"Ndiyo maana nauogopa," ukasema. "Mimi mpaka ndio ulioniokoa."

Nilidhani unatia chumvi. Hukuwahi kukubali nikupige picha, nami nikaona ni maringo tu.

Kisha malaria ikakupanda kichwani, ukaondoka kabla sijaja kukuona. Makaburini nilitoa simu. Nikampiga mama yako picha akiwa ameinama kando ya udongo, na kijana mwenye koti la kijivu amemshika mabega. Sikumjua. Kaka yako Diomède ulinitajia mara moja tu, ukasema yuko mbali. Kumbe alikuwa amejificha kwa mjomba wenu hapo hapo Murusagamba, na alitoka siku ile kwa ajili yako.

Niliiweka picha kwenye ukurasa wangu na maneno mazuri: jina lako, kijiji ulichozikwa, mlikotoka. Asubuhi ilikuwa imesambaa. Goreth, nilifurahi. Kaburi lako lilikuwa bado bichi, mimi natazama ni wangapi wameipenda.

Mtu nisiyemfahamu akaandika chini yake: "Huyo wa koti si Diomède? Kumbe yuko Murusagamba." Nilisoma, sikuelewa. Nikamjibu, asante kwa kutufariji.

Mjomba wako alikuja na bodaboda kabla ya adhuhuri. Hakunisalimu.

"Toa ile picha," alisema. "Waliokuwa wakimwinda Diomède Burundi wameshaiona."

Nikaifuta palepale. Lakini ilikuwa imeshaingia kwenye makundi ya simu na kurasa za watu nisiowajua. Mahali pengine walikuwa wameuzungushia uso wa Diomède duara jekundu. Niliwaandikia mmoja mmoja kuwaomba waifute. Baadhi walifuta, wengine wakanitukana. Mimi niliyejiona bingwa sikuwa na kitufe cha kubonyeza. Diomède naye alikuwa ameshaondoka. Tulichosikia ni kwamba alionekana Lusahunga akiomba lifti kwenye malori.

Nilikwenda kwa mama yako. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama siku zote, akaendelea kupukuchua maharage. Nilimweleza yote. Nilitamani anifukuze.

"Mmoja nimemzika," alisema. "Huyu wa pili sijui nimlilie au nimngojee."

Halafu akaniambia nikae nile. Niliketi mkekani kwake nikala ugali wa muhogo.

Ukurasa wangu nimeufunga. Vijana wa stendi wanauliza kwa nini, nawaambia simu yangu imejaa. Huo nao ni uongo, najua. Bado napenda kompyuta, siwezi kukudanganya. Ila mteja akitaka nimsaidie kuweka picha, kwanza namuuliza waliomo humo wamekubali. Wengine huona nawachelewesha na kwenda kwa fundi mwingine.

Wiki iliyopita dereva wa lori alisimama kibandani. Nilijua ameleta simu mbovu. Akaangalia huku na huku, akaniuliza kama hapa ndipo alipokuwa akifanya kazi Goreth. Nikasema ndipo.

"Kaka yake amefika," alisema. "Yuko kwa watu wema. Amesema wewe umfikishie mama."

Mimi. Sijui Diomède alipata wapi moyo wa kunituma mimi, au kama anajua kwamba picha ile ilikuwa yangu. Sikuuliza.

Namba ya simu ya mama yako ninayo, lakini sikuipiga. Nilifunga kibanda, nikachukua bodaboda mpaka Murusagamba, nikamkuta anapalilia chini ya migomba. Nilipomwambia aliliacha jembe, akakaa hapo hapo kwenye udongo, akafunika uso kwa kitenge. Baadaye aliniuliza ni wapi. Nikainama nikamtajia sikioni.

Hapa siandiki, hata kwako.

Pumzika, mwalimu wangu. Nakuahidi mahali pale patabaki kati yangu na mama yako. Akiwa na neno la kumpelekea mwanawe, nitalibeba kichwani mpaka kwa dereva, na nikishalifikisha nitalisahau.

Ni mimi,
Fundi wako